Kuendelea Kuchora Baada ya Chuo: Mwongozo kwa Wachoraji wa Unguja na Pemba

Chuoni kuna mambo matatu ambayo mwanafunzi hayaoni mpaka yamwondokee. Kuna mtu anayekupa kazi, kuna siku ya kuikabidhi, na kuna macho ya wenzako michoro inapobandikwa ukutani. Ukishapata cheti chako, kiwe cha TaSUBa pale Bagamoyo au cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unapanda boti kurudi nyumbani na yote matatu yanabaki bara. Mkono haujapungua ufundi, na penseli unazo. Lakini umeajiriwa mapokezi hotelini Nungwi, au unasomesha skuli Wete, au unamsaidia baba dukani Darajani, na daftari limelala kabatini.

Nimewaona vijana wengi wenye mkono mzuri wakiacha namna hii, na karibu wote wanajilaumu kwa uvivu. Sikubaliani nao. Mtu aliyekesha akichora miaka yote ya chuo si mvivu. Alichokosa ni swali. Zamani mwalimu alikuwa akimuuliza, naye akijibu kwa mkono. Sasa hakuna anayeuliza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye swali, kisha ndiyo uje kwenye vifaa, saa na watu.

Hatua ya kwanza: jipe swali la msimu mmoja

"Nitachora kila siku" si mpango. Ukikaa na karatasi tupu bila kujua unatafuta nini, utachora jicho, kesho utachora jicho tena, na keshokutwa utasema umechoka. Chagua kitu kimoja, kiwe kidogo, kiwe karibu, na kiwe mahali unapopita hata siku usiyokuwa na nia ya kuchora. Kisha kigeuze kiwe swali na uliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Muda wa swali moja uwe msimu mmoja. Visiwa vyetu vimeshatugawia mwaka: kaskazi tangu Disemba hadi Machi, masika hadi Mei, kusi hadi Septemba hivi, kisha vuli. Miezi mitatu au minne inatosha kuingia ndani ya jambo bila kulichoka.

Mifano: Milango ya kichochoro kimoja cha Kiponda inatofautianaje? Fundi wa mashua anasimamaje anapopiga randa, na anasimamaje anapopiga msumari? Kwa aliye Pemba: karafuu inabadilikaje tangu inapochumwa mpaka inapokauka? Swali hili la mwisho nalipenda sana. Mchana unachora mikeka iliyoanikwa, karafuu zikigeuka kutoka kijani na wekundu hadi rangi ya kahawia kwa siku nne tano za jua. Usiku unachora familia imeketi kwenye taa ikichambua karafuu na makonyo. Vidole vinarudia kazi ileile kwa saa nzima, na hakuna modeli wa chuoni aliyewahi kutulia hivyo.

Sasa tuuchukue mlango mmoja wa Mji Mkongwe tuone swali linavyoliwa kidogo kidogo. Siku ya kwanza chora umbo zima kwa mistari michache: kimo, upana wa fremu, kizingiti, na sehemu ya juu kama ni ya mraba au ya upinde. Usichore nakshi hata moja. Siku ya pili chora mfaa peke yake, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili za mlango, na uangalie kivuli chake kinavyohama asubuhi inavyosonga. Siku nyingine shika ule mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu: hesabu pingili, tazama patasi imeingia kwa kina gani, na pale pembeni fundi amezikutanishaje pande mbili. Kisha chora msumari mmoja wa shaba, mchoro uwe mkubwa kama kiganja chako. Nuru imegonga wapi? Ncha imechakaa upande gani? Kivuli chake kinaangukaje juu ya mti?

Hapo bado hujafika ukutani, kwenye chokaa iliyobambuka ikaacha mawe ya matumbawe wazi, wala kwenye baraza ya nje yenye viatu na baiskeli iliyoegemezwa. Ukitaka kuingia ndani, jua kwamba vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazizidi mita tatu hivi. Ukilijua hilo, uwiano wa dirisha kwa dirisha unaacha kukusumbua, maana unachora sababu na siyo sura tu. Mlango mmoja, wiki kadhaa.

Hatua ya pili: vifaa vinavyopatikana hapahapa

Usisubiri karatasi nzuri kutoka nje. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500, na faida yake kubwa ni kwamba huogopi kuiharibu. Nunua penseli tatu, HB, 2B na 6B, kalamu ya wino ya kawaida, kifutio na wembe wa kuchongea. Mwambie seremala akukatie kipande cha plaiwudi kipana kidogo kuliko karatasi, ubane karatasi kwa vibanio viwili. Karatasi nzito agiza Dar es Salaam mtu anapokwenda, uiweke kwa kazi ya kufungia msimu.

Mkaa wa kuchorea tengeneza mwenyewe. Ule wa jikoni mara nyingi ni mgumu na unakwaruza. Kata vijiti vyenye unene wa penseli vya mti laini. Mforosadi ni mzuri wa kuanzia, kisha ujaribu miti mingine ya uwanjani kwenu. Bandua magome, kausha kivulini, kisha vipange vimebanana ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga. Toboa kifuniko tundu moja kwa msumari, funga, uweke juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba. Moshi utatoka pale tunduni. Moshi ukikatika, teremsha kopo na usilifungue mpaka lipoe kabisa, kwani likifunguliwa lingali la moto hewa huingia na vijiti vikateketea. Kijiti kilichoiva huvunjika kwa mlio mkavu na huacha weusi safi. Kikiacha rangi ya kahawia, kirudishe jikoni.

Adui wa karatasi kwetu ni unyevu, hasa masika. Karatasi hulegea, wino husambaa, ukungu huota kama madoa ya kutu. Weka michoro ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiiegemeze kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe, kwa sababu ukuta huo hunyonya maji na chumvi. Kaskazi ikifika, toa kila kitu upepee kivulini.

Hatua ya tatu: pachika kuchora ubavuni mwa jambo lenye saa yake

Saa ya peke yake haidumu. Siku yetu tayari imegawanywa na adhana, basi tumia mgawanyo huo. Baada ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Au baina ya alasiri na magharibi. Dakika 20 zinatosha kwa siku za kazi, na siku ya mapumziko ukae saa mbili.

Nuru nayo inakubaliana na ratiba hiyo. Tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua linapanda haraka. Kuanzia saa tatu na nusu asubuhi vivuli vimeshafupika na kuta nyeupe zinaumiza macho; baada ya saa kumi jioni maumbo yanarudi. Mwanzoni mwa Machi, na tena kama wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa juu ya utosi kabisa na nguzo haina kivuli cha maana. Siku hizo chora ndani.

Kwa mwenye nyumba na watoto, sehemu ya kuchorea ni pale alipo. Mbuzi ya kukunia nazi, ungo wenye mchele, mtoto aliyelala: vyote vinachorwa chungu kikiwa motoni. Ramadhani hamisha saa yako ije baada ya tarawehe. Nguvu imerudi, na taa moja ya chumbani inafunza mwanga na kivuli vizuri kuliko dirisha, kwa kuwa nuru inatoka upande mmoja tu.

Weka pia kiwango cha chini kabisa cha siku mbaya: mchoro mmoja wa ukubwa wa kiberiti, pamoja na tarehe. Siku ya msiba, siku ya homa, siku boti imechelewa, kiberiti kimoja kinatosha.

Hatua ya nne: kwa wanaochora pwani, soma maji kwanza

Mashua iliyolala mchangani asubuhi, jioni inaelea na mchoro wako umekatika katikati. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa yamekupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku za maji mafu mambo ni kinyume, na tofauti ni ndogo. Kwa hiyo ukitaka chombo kile kile, kimeinama vile vile, kwa nuru ile ile, rudi baada ya wiki mbili hivi. Andika siku ya mwezi mwandamo kwenye pembe ya kila karatasi, itakusaidia kupanga.

Asubuhi ya bamvua ni ya mashua zilizoachwa juu Malindi, na ni ya akina mama wa mwani Paje na Jambiani, ambao nao hushuka kwa kufuata maji hayo hayo. Anza mashua kwa mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, ndipo upandishe omo ya mbele na tezi ya nyuma, na mbao za ubavuni zije mwisho. Anayeanza na tanga hupata picha ya kadi.

Jioni ya bamvua ni ya makachu, vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani Forodhani, na hapo pana darasa bora la mwili wa binadamu ninalolijua katika visiwa hivi. Usijaribu kumchora kijana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hutomuwahi. Tayarisha karatasi tatu. Ya kwanza ni ya mguu unaosukuma ukingo wa ukuta tu, ya pili ni ya mwili uliopo hewani tu, ya tatu ni ya mikono inapogusa maji. Kila anaporuka mmoja, ongeza mstari mmoja kwenye mojawapo. Wanarudi kwenye foleni na kuruka tena, na mruko ni ule ule: mgongo unajipinda pahala pale pale, kichwa kinafuata mikono. Baada ya nusu saa mistari imekusanyika na mwili umejitokeza wenyewe. Njia hii hii inafaa kwa kila anayerudia kazi: mpiga randa, mchuma karafuu, muuza kahawa anayegonga vikombe.

Hatua ya tano: salamu, ruhusa, na mipaka

Usimchore mtu kwa kuvizia. Ukifika barazani, hata pale Jaws Corner palipozoea wageni, toa salamu, kaa, kunywa kahawa na kashata, acha muda upite. Kisha sema unachotaka kwa uwazi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mchoraji, naomba nichore mikono yako ukiendelea na bao." Wengi watakubali mikono kabla ya uso. Ukimaliza mwoneshe, na akiomba mchoro umpe. Akikataa, funga daftari na uendelee na kahawa yako. Wiki ijayo utarudi pale pale na bado utapokewa.

Mchoraji mwanamke ana milango ambayo mwanamume haingii: chumba cha bibi harusi, mabibi wakipaka hina na piko. Kaa karibu na anayepaka piko uangalie mkono wake. Hana kifutio. Mstari unatoka begani, anapumua kabla ya kona, na ua linajaa bila kurudiwa. Mwombe akufundishe, kwa malipo kama inabidi.

Wapo pia watakaokwambia kuchora chenye roho hakufai. Usiingie mabishano barazani, sikiliza kwa adabu. Kama nawe mwenyewe ndiyo imani yako, una uwanja mpana: milango, vyombo vya bahari, mikarafuu, masanduku ya njumu, nakshi za ukutani, hati za Kiarabu. Mkono unaoweza kufuata nakshi ya fremu bila kupotea ni mkono uliofunzwa kikamilifu.

Hatua ya sita: tafuta macho mengine

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloachwa. Tafuta mtu mmoja au wawili, si zaidi ya wanne, mkutane kila baada ya wiki mbili siku moja isiyobadilika, mathalani Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kila mmoja aje na karatasi tano, zibandikwe ukutani kwa selotepu. Picha za WhatsApp zinafaa kukumbushana, lakini simu inaficha uzito wa mstari. Anayeoneshwa anyamaze kwanza. Wenzake wajibu mambo matatu: jicho linaingilia wapi, wapi mkono ulikuwa unabahatisha, na nini kichorwe tena. "Nzuri, hongera" isiruhusiwe.

Kisha peleka michoro kwa anayekijua kitu chenyewe. Mjenzi wa mashua wa Nungwi hajui neno la mwalimu wako wa chuo, lakini atautazama mchoro wako na kusema, "Chombo hiki hakitakwenda, omo umeilaza." Mchonga milango atakuonesha kuwa nakshi yako haiwezi kuchongwa kwa sababu patasi haiingii hapo. Kwangu mimi hakuna sahihisho linalozidi hilo, kwa kuwa linakurudisha kwenye kitu na si kwenye kupendeza. Nenda na mchoro, keti, uliza, uchore upya mbele yake.

Hatua ya saba: tenga kazi ya pesa

Wengi wetu tutachora kwa ajili ya watalii, na ni riziki ya halali. Tatizo linakuja pale mkono unapozoea jahazi lile lile mbele ya jua la machweo lile lile, kwa sababu linauzika. Uwe na madaftari mawili, na lile la swali lako lisiuzwe mpaka msimu uishe. Mtu akitaka kununua ukurasa, mchoree mwingine. Unayesomesha skuli, chora na wanafunzi wako mbele yao, kwenye zoezi ulilowapa.

Wala usijiwekee umri. Mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alipata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63. Kabla ya mwaka huo tuzo hiyo haikuwa inawapokea waliopita miaka 50. Alikuwa amefanya kazi miongo kadhaa, akisomesha chuo wakati huo huo.

Hatua ya nane: ukikatika, rudi pale ulipokomea

Utakatika. Kuna harusi, mitihani, uhamisho wa kazi, maradhi ya mzazi. Ukirudi baada ya miezi usianze na jambo kubwa la kufidia. Fungua mchoro wa mwisho, nenda kwenye kitu kile kile, ukichore tena kwa ukubwa ule ule. Utaona mara moja kilichopotea na kilichobaki, na kilichobaki huwa ni kingi kuliko ulivyodhani. Wiki nzima fanya hivyo, ndipo uendelee na swali.

Hatua ya tisa: weka kumbukumbu, kisha funga msimu

Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, pahala, saa, na siku ya mwezi mwandamo kama ulikuwa pwani. Ipige picha kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na nakala uiweke pahala pengine nje ya simu hiyo. Kazi hii ina uzito kwetu. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, ilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka. Waliokuwa wamekaa Forodhani wakichora nguzo na roshani zake wana vipimo vya jicho ambavyo leo haviwezi kuchukuliwa tena pale. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yana nyufa.

Wiki ya mwisho ya msimu tandika mkeka, panga karatasi zote kwa tarehe. Toa tano zinazojibu swali vizuri zaidi, na tatu ambazo huzielewi lakini huwezi kuzitupa. Zile tano zifanyie mchoro mmoja mkubwa kwenye ile karatasi nzito uliyoagiza. Zile tatu zitazame kwa makini, kwa sababu mara nyingi zinashikilia jambo ambalo hukulikusudia: ulikuwa unachora mlango, kumbe mara zote tatu umekaa muda mrefu zaidi kwenye viatu vilivyovuliwa barazani. Basi andika swali la viatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na utie tarehe ya kuanza.